Nani Kakalia Chumba Namba Tatu?

Tarehe 9 Aprili

Kwa Mwandishi wa Ripoti za Robo Mwaka, Amana ya Majengo ya Ofisi na Studio, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu na nimemfuta kamasi kwa mkono huu huu,

Salamu nitakupa mwisho, kama zitabaki.

Ripoti yenu imenifikia huku kwa mwanangu, nikiwa nimelala chali, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa juu ya mito kama bendera. Nimeisoma yote. Usicheke. Niliishia darasa la nne, lakini darasa la nne la fimbo, si haya yenu ya kubembelezana. Nimeisoma hata jalada, lenye vijana wanaochekelea kompyuta iliyozimwa.

Ukurasa wa pili mnasema mapato ya pango robo hii yamepata "ukuaji hasi." Nikamuuliza mkaza mjomba wako, yule mbuzi wetu aliyetumbukia mtaroni, alikufa au alikua hasi? Akaniambia nimwache, anachambua mchele. Ukurasa wa nne, gawio "limesitishwa kwa muda ili kulinda thamani ya mwenye vipande." Mwenye vipande si ndiye mimi? Mnanilinda kwa kuninyima! Haya, siku ukija kwangu na njaa nami nitakulinda.

Yote hayo ningemeza. Hasara naijua, nimetengeneza redio za watu maisha yangu yote na nusu yao wakiniona hadi leo wanavuka barabara. Kilichonifanya nirushe gongo ni ukurasa wa kumi na moja. Kuna jedwali: "Jengo la Nyuma (studio), limekaliwa kwa asilimia tisini na moja." Chini yake chumba kimoja kimoja, na katikati yao nikakiona changu. "Chumba namba tatu: kimekaliwa."

Na nani?

Mkataba unaujua, wewe ndiye uliyenisomea siku nilipowauzia kiwanja cha karakana yangu. Nusu fedha taslimu, nusu vipande vya Amana, na chumba kimoja ndani ya jengo mtakalojenga kiwe changu bila kodi "maadamu anakikalia." Nikahamishia humo spika zangu, meza yangu, na kiti changu kilichofungwa waya. Tangu Februari nilipoanguka kwenye stuli sijakanyaga huko, na mlango niliufunga mwenyewe. Kwa hiyo kama chumba kimekaliwa, basi kuna makalio ya mtu mwingine kwenye kiti changu. Nataka jina la mwenye makalio.

Usipige simu, masikio yangu yaliishia kwenye spika za watu. Ujumbe wa simu nao herufi zake ni mchwa. Andika kwenye karatasi.

Salamu hazikubaki.

Mjomba wako, mwenye vipande visivyolika

*

Tarehe 15 Aprili

Ndugu Mwenye Vipande,

YAH: MAELEZO KUHUSU RIPOTI YA ROBO YA KWANZA

Tumepokea barua yako ya tarehe 9 Aprili. Tunakushukuru kwa kuendelea kuiamini Amana.

Kuhusu gawio, tafadhali rejea ukurasa wa nne. Kuhusu chumba namba tatu, Ofisi inathibitisha kwamba taarifa ni sahihi kama ilivyochapishwa: chumba hicho kimekaliwa. Hakuna sababu ya mwenye vipande yeyote kuitilia shaka taarifa hiyo, kwa maandishi wala kwa mdomo.

Tunakutakia afya njema.

Wako katika ujenzi wa thamani,
Mwandishi wa Ripoti

NAKALA: MENEJA MKUU

[Pembeni, kwa kalamu ya risasi:] Mjomba, funika kombe.

*

Tarehe 22 Aprili

Wewe mtoto,

Ndugu Mwenye Vipande! Mimi! "Wako katika ujenzi wa thamani"! Mimi niliyekununulia viatu vya kwanza vya shule, vikakubana mpaka ukawa unatembea kama bata, na bado ukaniambia vinakutosha ili nisirudi dukani kugombana na mwenye duka. Tangu siku ile nilijua uongo unakutoka bila kukwama. Sikujua utaajiriwa nao.

Tena unanichongea. NAKALA: MENEJA MKUU, kwa herufi kubwa kabisa, ili bwana wako aone ulivyomnyamazisha mzee. Halafu unaninong'oneza pembeni, "funika kombe." Methali hiyo naijua mpaka mkia wake: funika kombe mwanaharamu apite. Sasa hapa mwanaharamu ni nani? Ni mimi niliyeuza kiwanja, au huyo aliyekalia kiti? Mkaza mjomba wako anasema huenda mwanaharamu ni Meneja. Nikamuuliza, wewe umesomea wapi? Amenuna, uji wa leo hauna sukari, na hilo pia nakudai wewe.

Na nikuulize jingine. Hapa kwa mwanangu kuna mpangaji, mtu mzima na ndevu zake, anarekodi nyimbo ndani ya kabati la nguo. Anajifunika shuka, anaimbia makoti, simu mkononi. Anasema waimbaji wote siku hizi wanafanya hivyo, studio hakuna anayekodi. Sasa kama kila mwimbaji yuko kabatini, hao asilimia tisini na moja wa Jengo la Nyuma ni akina nani? Majini?

Mkutano wa wenye vipande ni tarehe 5 Mei, kadi mmenitumia wenyewe. Plasta inakatwa kesho kutwa. Nitakuja kwa magongo na nitamkoma nyani giladi mbele ya watu wote.

Mjomba wako, kwa sasa

*

Tarehe 2 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Hii naiandikia jikoni kwa mama. Barua za ofisini zote hupita mezani kwa Meneja kabla ya kufungwa. Ndiyo maana niliandika NAKALA kwa herufi kubwa vile, nikadhani utashtuka uelewe. Yale ya kalamu ya risasi niliyachomeka gundi ikiwa tayari imepakwa.

Chumbani mwako hakuna mtu. Hakuna aliyeingia.

Meneja amepata mnunuzi wa Jengo la Nyuma. Mnunuzi analitaka, ila hataki ndani yake "mzee wa redio" asiyelipa kodi. Ulipovunjika mguu, Meneja alimtuma askari wa getini achungulie dirishani, kisha akaniamuru niandike kwenye ripoti kwamba chumba namba tatu ni kitupu. Ona mtego wenyewe: mkataba unasema "maadamu anakikalia." Ikichapishwa kwamba ni kitupu, na wewe mwenye vipande umeipokea ripoti na hukupinga, haki yako imekwisha.

Mimi nikaandika "kimekaliwa," nikaipeleka kwa mchapaji bila kumrudishia aione. Na ni kweli. Vitu vyako vimo, ufunguo unao, kwa hiyo unakikalia hata ukiwa chali. Sasa hawezi kuifuta bila kukiri kwamba jedwali lina makosa, na jedwali lile, Mjomba, hawezi kuruhusu mtu aliguse.

Asilimia tisini na moja si kweli. Mpangaji aliyehama tunamhesabu mpaka mkataba wake uishe, na wengine hata ukishaisha. Niliambiwa niandike, nikaandika. Siringi. Milango mingine yote niliiandika kwa kuamriwa, wako peke yake niliuandika kwa kutaka.

Kwa hiyo usije mkutanoni. Ukija, kaa. Ukikaa, nyamaza. Mtu akikuuliza chumba namba tatu kina nani, sema neno moja tu: mimi.

Mpwa wako

*

Tarehe 5 Mei

Mwandishi,

Nakuandikia kwenye benchi la kituo cha basi, karatasi iko juu ya goti zima. Nilitoka kwa mwanangu mapema, nikalala gesti. Kwa dada sikupita kwa sababu angenificha magongo.

Nimekuona pale ukumbini, macho kama sahani, unatikisa kichwa mpaka miwani inayumba. Tikisa tu. Ukweli una kichefuchefu kwa asiyeuzoea.

Sikuja mikono mitupu. Kabla ya mkutano nilipita Jengo la Nyuma, nikachungulia dirisha langu, maana ufunguo niliusahau kwa mwanangu. Hakuna mtu! Hakuna makalio! Kuna vumbi juu ya kiti na panya amejisaidia kwenye spika yangu kubwa. Hapo nikaelewa mchezo wote. Hamjampa mtu chumba changu. Mnahesabu vyumba vitupu, mnatuvisha vilemba vya ukoka.

Basi Meneja anatuonyesha ukutani mstari unaoshuka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, anasema hapo anaona fursa, nami nikasimama. Nilisema hivi, usije ukaandika mengine: "Ripoti inasema chumba namba tatu kimekaliwa. Ni uongo! Chumba ni changu na hakuna mtu anayekikalia!" Wenye vipande wakapiga makofi. Bibi mmoja aligonga sakafu kwa mwavuli. Mwenyekiti akauliza kwa upole kwenye kipaza sauti, "Mzee, unathibitisha hakuna anayekikalia? Hata wewe?" Nikanguruma, "Hata mimi!" Akamwambia karani ayaandike neno kwa neno.

Na huyo Meneja wenu, niliyedhani atanitafuna, alinishika mkono kwa mikono miwili, akanipa soda ya machungwa, baridi, akanileta kituoni kwa gari lake mwenyewe. Kumbe hata adui anamheshimu msema kweli. Aliyenuna ni wewe, damu yangu.

Mjomba wako, shujaa

*

Tarehe 8 Mei

Mjomba,

Barua yangu ya tarehe 2 itakuwa imekukuta ukirudi. Kama hujaifungua, ifungue kwanza. Nasubiri.

Umesoma?

Soda ile imekugharimu chumba. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Meneja, nimeichapa kwa vidole vyangu huku amesimama nyuma yangu anapiga mluzi: "Kwa kuwa mwenye haki amekiri hadharani kwamba hakikalii chumba husika, haki hiyo imekoma. Aondoe vifaa vyake kabla ya mwisho wa Juni."

Nilikutikisia kichwa mpaka shingo ikakaza. Usiniandikie.

*

Tarehe 16 Mei

Umesema nisikuandikie. Kwa hiyo hii namwandikia mkaza mjomba wako, aliyeketi hapa mbele yangu, na wewe utaisoma kwa bahati mbaya.

Mke wangu, mpwa wangu aliniandikia niseme "mimi." Neno moja. Katika maisha yangu sijawahi kulikosa neno hilo. Kwenye harusi za watu nimelisema, kwenye misiba ya watu nimelisema, ukiuliza nani mjuzi hapa nalisema kabla hujamaliza. Siku moja, siku moja tu lilipohitajika, mimi mpumbavu nikasema "hata mimi"! Nimejizaba kofi, ukaja mbio kutoka uani kuuliza nani anagombana.

Na ile soda niliinywa yote. Nikalamba na kifuniko. Nikikumbuka nataka kwenda kuitapika mlangoni kwa yule Meneja, kwenye zulia.

Lakini mwambie na yeye, mke wangu, asijione malaika! Mtu ana shahada mbili, anamtumia mzee nusu ya methali kwa kalamu ya risasi! Nusu ya methali ni nusu ya ngazi, nimeanguka mara ya pili. Siku zote yuko hivyo, viatu vinambana anasema vinatosha. Anabeba uongo wa watu mgongoni miaka nenda miaka rudi, halafu anachomeka ukweli wangu katikati kama sindano kwenye nyasi, na mimi ndiye niijue! Angesema mapema. Ningefunga safari hata kwa kutambaa, nikalalia meza yangu, nikawa mpangaji pekee wa kweli katika jengo zima.

Mke wangu anatabasamu tu, maana yeye tangu mwanzo alisema mwanaharamu ni Meneja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu.

Mdomo umeniponza. Mwambie.

*

Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Nakuandikia ili uyasikie kwangu, usije ukayasikia mtaani ukaanza kutamba.

Mnunuzi alipewa kumbukumbu za mkutano. Akasoma yale maneno yako, neno kwa neno, kama Mwenyekiti alivyotaka. Akauliza: kama namba tatu imeandikwa imekaliwa na mwenyewe anasema ni tupu, hivi vingine je? Akaomba afunguliwe milango yote. Askari wa getini akafungua mmoja baada ya mwingine. Sponji za ukutani, nyaya, kikombe cha chai chenye ukungu. Katika jengo zima walimkuta mwalimu mmoja wa kinanda, naye alikuwa anafungasha.

Meneja akaniletea karatasi niisaini, kwamba kosa ni la chumba namba tatu pekee na ni la kwangu mimi. Niliishika kalamu, Mjomba. Nisikudanganye, niliishika. Kisha nikaandika chini yake, "Makosa ni ya jedwali zima, na nililiandika kwa amri yako," nikasaini hapo. Alisoma mara mbili, kisha akaniambia nivue kitambulisho.

Mnunuzi ameondoka. Jengo halijauzwa. Kazi sina.

Usiniambie ulikusudia. Usiniambie Mungu ana njia zake. Ulipiga kelele bila kujua unachokisema, ukabomoa nyumba yako na yangu, na kwa bahati ukuta ukamwangukia pia aliyestahili. Hiyo si hekima. Sijakusamehe.

*

Tarehe 10 Juni

Mpwa wangu,

Sikukusudia. Mungu simtaji.

Nakuandikia nikiwa chumba namba tatu. Nilifika juzi na mkaza mjomba wako. Kufuli walikuwa wamebadilisha. Askari wa getini alinitazama, akatazama juu, akasema yeye ameagizwa azuie wanaokikalia chumba, na kwa kuwa mimi nimekiri sikikalii, basi hana la kunizuia. Akanifungulia. Mimi nina darasa la nne, yule hata la kwanza sijui, lakini wote wawili leo tumeusoma mkataba vizuri.

Nimefuta vumbi. Panya tumeelewana. Umeme wamekata, ila dirisha ni kubwa. Sitoki. Kila asubuhi Meneja anapita, anatazama, anakwenda. Akimwita polisi itabidi aeleze kwa nini jengo zima lenye asilimia tisini na moja lina watu wawili na panya.

Nina hasira bado. Na Meneja, na soda, na wewe, na huyu mtu ninayemnyoa ndevu kila asubuhi. Lakini hasira ya peke yako haina raha, mtu unagombana na spika. Mkaza mjomba wako anasuka ukili tu.

Kuna kiti cha pili. Hakina waya, nimekigongelea misumari. Njoo ukikalie hata kwa kununa.

Mimi

*

Tarehe 12 Julai

Kwa Mwandishi Mpya wa Ripoti, Amana ya Majengo ya Ofisi na Studio,

Nimepokea ripoti yenu ya robo ya pili. Naijibu kwa mdomo, na anayeandika barua hii ni mtu mwingine, maana mimi nimeshagundua kwamba mdomo wangu unahitaji kuchujwa.

Ukurasa wa pili, naona ukuaji hasi sasa mmeuita "kipindi cha kujipanga upya." Ukurasa wa nne, gawio bado limesitishwa. Nilikuwa na maneno kuhusu hilo. (Ametaja kiungo cha mwili wa Meneja Mkuu na mahali pa kulitia hilo gawio. Siyaandiki hayo.) Anasema haandiki. Haya.

Ukurasa wa kumi na moja, Jengo la Nyuma sasa limekaliwa kwa asilimia sifuri. Pongezi kwa kusema kweli, ingawa imebidi mnunuzi awakimbie kwanza. Lakini chini yake mmeandika, "Chumba namba tatu: kitupu."

Kijana, ripoti iliposema humu kuna mtu, hakukuwa na mtu. Leo inasema hakuna mtu, na tuko watatu. Mkaza mjomba yuko dirishani na ukili wake. Mimi niko kwenye kiti cha waya. Na kwenye kiti cha misumari yuko mwandishi wenu wa zamani, aliyefika wiki iliyopita bila salamu, akakaa, akasema kiti kinachoma, na nilipomuuliza kama nikigonge upya akasema hapana, kinamtosha. Nikakigonga upya hata hivyo. (Kilikuwa kinachoma kweli.) Tangu hapo tunagombana mchana kutwa. Hajanisamehe, ameniambia niiweke hiyo kwenye barua. (Nimeiweka.)

Mkataba unasema chumba ni changu maadamu ninakikalia. Ninakikalia. Kama Ofisi inataka kuhakiki jedwali lake, ije igonge. Igonge kwa nguvu, maana mmoja wetu ni kiziwi, mmoja anasuka, na wa tatu hana mpango wa kuwafungulia.

Mkiuliza kutoka nje ni nani aliyemo humu, jibu ninalo tayari, nimelifanyia mazoezi.

Mimi.

(Hata mimi.)